Ua la Kitambaa Bila Sindano: Kazi ya Kulinda Debe la Mahindi, Si ya Kukopea

Wiki hii naacha kidogo mbegu na viuatilifu nizungumzie maua. Si alizeti wala maua ya maboga. Ni maua ya kitambaa, yale ya kubana nywele na ya kuvalisha watoto kichwani, yanayotengenezwa kwa mkasi, moto na gundi bila kushona. Najua wapo watakaosema bwana shamba amepotea njia. Naomba msome hadi mwisho, kwa sababu hoja yangu inaishia ghalani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Kazi ya maua ya kitambaa ni nzuri kwa kaya ya mkulima wa Peramiho, ila kwa masharti matatu. Ifanywe kwa mabaki ya kitambaa, si kwa kitambaa cha dukani. Ianze bila mkopo. Na fedha yake ipewe kazi moja tu: kuzuia mahindi yasiuzwe kwa debe mojamoja wakati bei iko chini. Nje ya masharti hayo ni kupoteza muda na fedha, nami nimeona ikitokea.

Niliona, na nilipiga makofi

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha akina mama kilipata mkufunzi kutoka mjini. Alikuja na sanduku la vibanio, lulu za plastiki na kile kifaa cha umeme chenye umbo la bastola kinachoyeyusha vijiti vya gundi. Kwa siku mbili alifundisha, na maua yalipendeza kweli. Mwisho aliwauzia vifaa kwa fedha ya mfuko wa kikundi, akawaambia kila ua litauzwa kwa shilingi elfu moja, na wateja watakuwa wanafunzi wa kike. Nilikuwepo siku ya kufunga mafunzo. Nilisimama nikasema maneno mazuri kuhusu ujasiriamali, nikapiga makofi.

Wiki tatu baadaye mama mmoja alinikuta njiani akasema, "Bwana shamba, mabinti wa shule wananyolewa. Hivi vibanio vinabana nini?"

Sikuwa na jibu. Sote tunaijua shule ya msingi ya serikali: mtoto wa kike anaingia darasani kichwa kikiwa kimenyolewa au nywele fupi sana. Kila mtu pale ukumbini alilijua hilo, na mimi nikiwemo, lakini hakuna aliyelisema kwa kuwa maua yalikuwa mazuri na mkufunzi alikuwa anaongea vizuri. Vibanio vilikaa kwenye sanduku mpaka vikaanza kutu. Maua ya kitenge yaliyokatwa bila kuimarishwa kingo yalichanuka nyuzi. Na fedha ya mfuko, ambayo baadhi yao walikuwa wanaitegemea kwa mbolea ya Desemba, haikurudi yote.

Kosa halikuwa la maua. Kosa lilikuwa kuanza na bidhaa kabla ya mnunuzi. Mkulima akipanda zao ambalo hajui atamuuzia nani tunamkemea. Kwa nini kazi ya mikono tuipitishe bila maswali hayo hayo?

Nani hasa ananunua ua hapa kwetu

Tukimtoa mwanafunzi wa shule, bado wateja wapo, na Peramiho ina bahati ya kuwa na wateja wanaofuata kalenda. Hapa misheni ya Wabenediktini ipo tangu mwaka 1898. Kuna abasia, hospitali, shule na vyuo. Watu wanakuja kutoka Maposeni, Litisha, Parangu, Likuyufusi na mbali zaidi. Kwa hiyo wanunuzi ni hawa:

1. Mama mwenye mtoto mchanga au wa mwaka mmoja. Nywele za mtoto ni fupi, kwa hiyo hatumii kibanio. Anataka bendi laini ya kichwa yenye ua moja. Huyu ndiye mteja wa mwaka mzima.

2. Familia zenye watoto wa Komunyo ya Kwanza. Wanataka ua jeupe, safi, lisilo na mbwembwe. Wanaagiza kwa pamoja, na wanahitaji mapema.

3. Harusi na sendoff. Baada ya mavuno, kuanzia Julai hadi Oktoba, sherehe ni nyingi. Maharusi, wasimamizi na kamati wanataka maua ya rangi moja, na mara nyingi ya kitenge cha sare yao. Hapa ndipo kipande alichobakiza fundi kina thamani kuliko satini ya dukani.

4. Wanawake wenye rasta na nywele za kusuka, hasa wanaofanya kazi ofisini, hospitalini na madukani. Hawa wanataka ua dogo, lisizidi upana wa sentimita 5.

5. Dada zetu Waislamu wanaovaa mtandio. Ua lile lile likibandikwa kwenye pini badala ya kibanio linakuwa pambo la mtandio, na wiki ya kabla ya Idd lina soko.

Angalia pia wakati wa kutotengeneza. Kipindi cha Kwaresima ndoa za Wakatoliki hupungua sana. Ukijaza kapu la maua ya harusi mwezi Februari, utayakalia hadi Pasaka. Tumia kipindi hicho kuandaa meupe ya Pasaka, au rudi shambani ukapalilie.

Huko Japani kuna kazi ya zamani inayoitwa tsumami kanzashi, mapambo ya nywele ya vitambaa vya hariri vilivyokatwa mraba, vikakunjwa kuwa petali na kubandikwa kwa gundi ya wali. Imekuwepo tangu enzi za Edo, zilizoanza mwaka 1603 na kuisha mwaka 1868. Hakuna sindano inayohitajika kwenye petali zenyewe. Mjini Kyoto wasichana wanaojifunza sanaa za jadi, waitwao maiko, wana ua la kila mwezi, na mwezi ukibadilika ua linabadilika. Nasimulia hili kwa sababu mbili. Kwanza, kubandika bila kushona si ubabaishaji wa asiyejua cherehani, ni ufundi wenye karne kadhaa. Pili, mafundi wale wanatengeneza kwa kalenda. Sisi kalenda tunayo tayari: ya kanisa, ya msikiti na ya mavuno. Tuitumie.

Jinsi ya kutengeneza: njia tatu kwa vitambaa vitatu

Kabla ya yote, jua kitambaa ulichonacho. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo dogo la kung'olea nyusi na uuchome. Ukinuka kama karatasi inayoungua na kubaki jivu laini la kijivu, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta. Pamba haiyeyuki, kwa hiyo usiipeleke kwenye mshumaa. Vitenge vingine vina mchanganyiko, ndiyo maana jaribio hili lifanyike kila kipande kipya kinapoingia.

Njia ya kwanza: ua la kuviringisha (kitenge cha pamba)

Kata utepe wa upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 60. Kwanza utie wanga ili usichanuke: koroga kijiko kimoja cha unga mweupe wa muhogo uliochekechwa kwenye kikombe cha maji baridi, kisha upike huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mwepesi unaong'aa. Chovya kitambaa, kamua, anika na upige pasi. Akina bibi walitia wanga kwenye mashuka na vitambaa vya meza. Ni jambo lile lile.

Kunja utepe katikati kwa urefu, upana ubaki sentimita 2 na nusu. Funga fundo dogo mwanzoni, hilo ndilo moyo wa ua. Viringisha utepe kuzunguka fundo, na kila nusu mzunguko uusokote mara moja kuelekea nje, ukiweka tone la gundi chini. Mwisho ukunjie nyuma. Kata duara la jinsi kuukuu la upana wa sentimita 3, libandike nyuma lifunike kingo zote.

Njia ya pili: ua la kuchoma kingo (satini, bitana, neti ya poliesta)

Kata maduara matano ya upana wa sentimita 9, 8, 7, 6 na 5. Si lazima yawe duara kamili. Kwenye kila moja, kata mikato minne kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kufika katikati. Washa mshumaa. Pitisha ukingo pembeni ya mwali, si ndani yake, umbali wa sentimita moja au mbili, huku ukizungusha. Kingo zitajikunja zenyewe na hazitachanuka tena. Ukiona moshi mweusi, umekaribia mno. Panga kubwa chini na dogo juu, tone la gundi kati ya kila duara, na shanga au lulu katikati.

Satini ya njia hii usinunue mpya. Tafuta kwenye mitumba gauni la sherehe lililopasuka au lenye doa ambalo hakuna anayelitaka. Gauni moja lina kitambaa cha maua mengi kuliko mita ya dukani, na mara nyingi lina neti ndani yake.

Njia ya tatu: ua la kukunja (kitambaa chochote chepesi kilichotiwa wanga)

Kata miraba ya sentimita 5 kwa 5, sita kwa kila ua. Kunja mraba kona kwa kona upate pembetatu, kunja tena upate pembetatu ndogo, kisha kunja mara ya tatu. Shikilia kwa koleo, kata ncha ya chini kidogo isawazike, na uigandishe kwa gundi. Panga petali sita kwenye duara la jinsi, ncha zote zikutane katikati. Funika katikati kwa shanga. Hii ndiyo njia iliyo karibu na ile ya Wajapani, na ndiyo inayopendeza kwa Komunyo.

Kuhusu gundi

Gundi ya vijiti inashika vizuri, lakini kifaa chake kinahitaji umeme wa ukutani. Paneli ndogo ya sola ya kuwashia taa haiwezi kukiendesha. Kama nyumbani hakuna umeme, msikimbilie kununua vifaa vitano. Kifaa kimoja kwenye nyumba yenye umeme kinatosha kikundi: kila mtu akate na kukunja kwake, mkutane Jumamosi kubandika.

Gundi nzito ya wanga wa muhogo, vijiko vitatu kwa kikombe, inashika petali za kukunja, lakini haivumilii mvua wala kufuliwa, na panya na mende wanaipenda. Itumie kwa mapambo ya siku moja tu, na umwambie mteja ukweli.

Ile gundi kali inayokauka kwa sekunde siishauri. Inafanya kitambaa kuwa kigumu na cheupe, na ikimwagika kwa wingi kwenye pamba hutoa joto la kuunguza. Iweke mbali na watoto.

Usalama, na hapa sina mzaha

Gundi ya moto inatoka kwenye mdomo wa kifaa ikiwa na joto la nyuzi 120 hadi 190 hivi kutegemea kifaa. Ikikugusa inang'ang'ania ngozi. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Malengelenge makubwa au mtoto aliyeungua, nenda kituo cha afya.

Mshumaa usiwashwe ndani ya nyumba ya nyasi wala karibu na mfuko wa mabaki ya vitambaa. Weka bati au sinia chini na ndoo ya maji pembeni. Mtoto asikae mapajani wakati wa kazi.

Ua la mtoto wa chini ya miaka mitatu lisiwe na shanga wala lulu. Gundi inaachia, mtoto anameza. Tumia kidonge cha kitambaa katikati. Bendi iwe laini, vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake bila kubana, na ivuliwe mtoto anapolala, kwa sababu inaweza kuteleza ikafika shingoni. Andika onyo hili kwenye kikaratasi cha bidhaa. Mama atakayelisoma atakuamini, na atarudi.

Hesabu ambayo mkufunzi hakuifanya

Bei ninazoandika hapa ni za mfano wa kujifunzia. Chukueni kalamu muweke bei za kwenu.

Tuseme kibanio ni shilingi 150, gundi ya ua moja 75, shanga 50, mfuko na kikaratasi 25. Jumla shilingi 300. Kitambaa ni mabaki, hakina bei. Ua likiuzwa rejareja kwa shilingi 1,000 linabakiza 700. Likiuzwa kwa jumla kwa mwenye duka kwa shilingi 700 linabakiza 400.

Mkufunzi alihesabu 1,000 kutoa 150. Akasahau gundi, shanga, mfuko, na zaidi ya yote akasahau nauli. Sasa ona: mtu anatengeneza maua 10, anapanda gari kwenda Songea mjini kuyauza kwa jumla. Faida yake ni 400 mara 10, yaani shilingi 4,000. Kama nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chai ni 4,000, amefanya kazi siku nzima kwa ajili ya mwenye gari. Ndiyo maana nasema: usisafiri kwa ajili ya maua. Yapeleke siku ambayo ungeenda mjini hata hivyo, au mpe mtu anayekwenda, au uza hapa hapa Peramiho kwa bei ya rejareja kwa oda.

Kisha pima muda. Anayeanza hutumia kama dakika 20 kwa ua, yaani maua matatu kwa saa. Kwa bei ya jumla ya mfano wetu ni shilingi 1,200 kwa saa. Linganisha na kibarua cha palizi kijijini kwenu. Kama kibarua kinalipa zaidi msimu wa palizi, nenda kapalilie, maua yasubiri. Kazi hii ni ya jioni na ya miezi ya kiangazi, baada ya mahindi kuingia ndani na kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Atakayeacha shamba lake lipate magugu mwezi Januari kwa sababu ya maua, asiseme bwana shamba alimshauri.

Sasa turudi ghalani

Hapa ndipo penye sababu ya mimi kuandika. Kila mwaka kati ya Juni na Agosti naona jambo lile lile. Kaya imevuna, ghala lina mahindi, na mahindi yanaanza kutoka. Hayatoki kwa gunia kwa mpango. Yanatoka kwa debe. Debe la sukari na sabuni. Debe la daftari. Debe la mchango wa harusi. Debe la nauli ya msiba. Gunia la kilo 100 ni kama debe tano hadi sita. Mwisho wa Septemba magunia mawili yameisha na hakuna anayekumbuka yalinunua nini. Kisha Februari kaya ile ile inanunua debe sokoni kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia.

Tuseme debe liliuzwa shilingi 7,000 mwezi Julai na kununuliwa 12,000 mwezi Februari. Kila debe lililotoka mapema limekula shilingi 5,000 za kaya. Madebe 10 ni shilingi 50,000. Hiyo ni fedha ya kununua pembejeo, na imeondoka kimya kimya kwa sababu ya mahitaji ya shilingi elfu mbili, elfu tatu.

Mama anayeuza maua 12 kwa wiki kwa oda za hapa hapa, kwa mfano wetu wa rejareja, anabaki na shilingi 8,400. Hatajenga nyumba kwa fedha hiyo. Lakini wiki hiyo hakuna debe lililotoka kwa sababu ya sabuni. Wiki 10 za kiangazi zinalinda madebe 10. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida halisi ya ua la kitambaa, na haionekani kwenye daftari la maua. Inaonekana ghalani.

Nikiri kwamba hesabu hii ina mlango wa kupitishia hasara. Upo mwaka ambao bei haipandi kama tulivyotarajia. Na mahindi yaliyokaa yana adui wake. Dumuzi tunamjua. Kuhifadhi bila kukausha vizuri na bila mifuko isiyopitisha hewa ni kumwekea dumuzi chakula. Kwa hiyo fedha ya kwanza kabisa ya maua, kabla ya kibanio kingine, inunue mifuko hiyo. Kaya ikiishiwa Februari, hata bei isipopanda, bora debe lililoko ndani.

Kuhusu mkopo

Wengi mtaniuliza kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yenu na haina riba. Lakini haina riba si sawa na haina kurudishwa. Fedha ikizama kwenye vibanio visivyouzika, kikundi kinabaki na deni na ugomvi, na wenye mpango mzuri zaidi wanakosa zamu.

Ushauri wangu: mtaji wa kuanza usizidi bei ya debe moja la mahindi. Nunua dazeni mbili za vibanio, si dazeni ishirini. Ukiuza zote ndani ya mwezi, nunua nne. Kikundi kikifika hatua ya kushindwa kutosheleza oda kwa miezi mitatu mfululizo, hapo mkopo una kazi ya kufanya. Na hapo pengine mtaona afadhali mkopee cherehani au mashine ya kusaga karanga kuliko maua. Ua ni la kuanzia.

Kwa wanaosema hii si kazi ya bwana shamba

Mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia, "Wewe fundisha nafasi za kupandia, mambo ya nywele waachie akina mama." Namheshimu, lakini simkubali. Nimefundisha nafasi za kupandia kwa miaka mingi. Mkulima anaelewa, anapanda vizuri, anavuna vizuri, kisha Julai anauza kwa debe. Mafunzo yangu yanaishia kwenye kapu la mchuuzi. Kama kuna njia ndogo ya kuiweka senti mkononi mwa mama kiangazi, bila deni, hiyo ni kazi ya ugani sawa na mbolea.

Wengine wanasema bidhaa za nje kutoka Kariakoo ni rahisi, hatutaweza kushindana. Kwa ua la dazeni linalofanana na la kila mtu, kweli hatutaweza. Lakini mzigo wa Kariakoo hauna kitenge cha sare ya harusi ya binti wa Parangu, wala haujui kwamba Komunyo ni Jumapili ijayo. Shindana pale unapomjua mteja kwa jina.

Nanyi wafanyabiashara wenye maduka, neno moja. Msichukue maua kwa mali kauli mkakaa na fedha ya mama miezi miwili. Chukueni machache, lipeni taslimu, ongezeni yakiisha. Mama akilipwa leo, leo ananunua sabuni dukani kwako.

La kufanya wiki hii

Pita kwa fundi cherehani mmoja, muombe mfuko wa mabaki badala ya kuyachoma, na umlipe kwa ua moja la binti yake. Tengeneza maua matano tu, njia tofauti. Yavae wewe na jirani Jumapili, usiyauze. Hesabu watu wangapi wameuliza bei. Wakiuliza watatu au zaidi, nunua dazeni moja ya vibanio. Asipouliza hata mmoja, umepoteza jioni moja na mshumaa, basi. Hakuna mfuko wa kikundi uliozama.

Na daftari lako liwe na safu mbili: maua yaliyouzwa, na madebe yaliyobaki ghalani. Mwezi wa Oktoba nitapita. Nitaomba kuona safu ya pili kwanza.